Pini ya Kisigino

Sura ya Saba

Alhamisi asubuhi Rezka, mwenye hoteli, aliingia ukumbini akiwa na theluji hadi mapajani, akasema barabara bado imezikwa. Alikuwa amejikokota mpaka kwenye kona ya kanisa. Kutoka hapo hakuna barabara, alisema, kuna ukuta. Waokoaji wa milimani walimwambia kwa redio kwamba mashine ya kusukuma theluji haitapanda leo, na helikopta haitaruka mpaka ukungu uondoke. Simu zilikuwa zimekufa tangu juzi. Alipokwisha kusema hayo alivua buti, akaingia jikoni kusonga žganci, ugali wa huko, kama kila siku, maana kulikuwa na watu wa kulishwa.

Inspekta Majda Legat wa polisi ya mji wa Kranj alimsikiliza bila kuuliza kitu. Alikuwa amepanda hadi kijiji hiki cha Zatrep Jumanne alasiri kwa gari la kazini, akidhani atauliza maswali yake na kurudi kulala kwake. Poromoko la theluji lilishuka nyuma yake jioni ile ile. Hakuwa na nguo za kubadilisha. Sweta aliyovaa ilikuwa ya marehemu mume wa Rezka, na mikono yake ilimfika kwenye kucha. Alikuwa amefungiwa nyumba moja na mhalifu anayemtafuta, na mtu huyo humpitishia chumvi mezani.

Aliyeanguka ni Anej Torkar. Kijana huyo alikuwa akiongoza Kombe la Dunia la kuruka kwa skii tangu Novemba kwenye mashindano ya Ruka, akaendelea kuongoza Engelberg, Zakopane na Sapporo, na sasa msimu ulibakiza Planica tu, mashindano ya mwisho, nyumbani. Wenzake wa timu ya taifa walikwisha tangulia huko. Yeye na Tilen Pristavec, aliyemfuata kwa pointi chache, waliletwa Zatrep na kocha mkuu ili wafanye mazoezi mbali na waandishi wa habari. Kocha mkuu alikuwa Ludvik Torkar, baba mzazi wa Anej.

Jumanne asubuhi, Anej akiwa hewani, skii yake ya kulia iliachia kisigino. Ncha ikainama, ikamvuta, akajipindua na kushukia mgongo. Helikopta ilimwahi kabla ukungu haujafunga ikampeleka hospitali ya Jesenice. Tangu hapo habari ya redioni ilikuwa ile ile: amepasuliwa mgongo, miguu haishtuki, hajaamka.

Baada ya kifungua kinywa Legat alishuka kwenye chumba cha nta, chini ya hoteli. Cveto Kunčič, fundi wa skii wa timu, alikuwa huko akipasha pasi yake moto. Hakukuwa na skii ya kupaka nta, kwa kuwa hakuna aliyeruka, lakini alisema mikono yake haijui kukaa bure.

Legat alitandika leso juu ya meza ya kazi, akaweka vipande viwili vya chuma kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa pini ya kisigino, chuma chembamba kilichokunjwa kwa kipimo cha kila mrukaji, kirefu kama kidole, kinachoshika kiatu cha mrukaji kwa nyuma ili skii isimkimbie mguuni anapolala juu ya upepo. Hii ilikuwa imevunjika katikati. Jana yake Legat aliiangalia kwa kioo cha kukuzia mpaka macho yakauma. Mahali ilipovunjika pana nyuso mbili: upande mmoja una punje za kijivu, kama chuma chochote kinavyokatika kwa nguvu, upande wa pili ni laini, una mikwaruzo iliyolala sambamba, na ndani ya mikwaruzo mmejaa nta nyeusi.

"Imekatwa kwa tupa," alisema Cveto. "Kisha mtu akaziba kwa nta isionekane."

"Tupa ya nani?"

"Tupa ni yangu. Mkono si wangu."

Legat alimkumbusha habari ya Zakopane. Anej alisema mbele ya kamera kwamba skii zake zilikwenda polepole kwa sababu fundi alikuwa amelala, na Cveto akaipasua chupa yake ya chai ukutani. Cveto hakukana. Alisema waandishi wote walimwona, na mmoja alitembea na kipande cha ile chupa kama kumbukumbu.

"Lakini sikiliza, mama," alisema akiweka pasi chini. "Mimi nikitaka kumkomoa mrukaji nampaka nta mbaya tu. Anakuwa wa arobaini, mimi nacheka chini kwa chini, na usiku nalala kwangu. Kwa nini nikate chuma?"

Sanduku lake la vifaa halikuwa na kufuli, na chumba cha nta kilikuwa wazi mchana kutwa. Kila aliyekuwemo hotelini angeweza kuifikia ile tupa. Legat alimwambia asiiguse tena, kisha akamwomba afungue pini ya kushoto kutoka kwenye skii ya Anej iliyopona.

Cveto alipoitoa, Legat aliilaza kando ya ile iliyovunjika, akaunganisha vile vipande viwili. Ya kushoto ilikuwa imekunjwa sana, kama mundu. Ya kulia ilikuwa na mkunjo mdogo tu. Alizifunga zote kwenye leso na kupanda ngazi.

Ludvik Torkar alikuwa amekaa karibu na dirisha la ukumbi, kidevu kimejaa mvi za siku mbili. Chai aliyowekewa na Rezka ilikuwa imepoa. Legat alimpa pole, akamweleza kwamba anahitaji jicho la mtaalamu, na kumfunulia leso magotini. Hizi zote mbili ni za mwanawe?

"Zake. Nilizikunja mwenyewe."

"Mbona hazifanani?"

"Mguu wa kulia ni dhaifu kidogo. Aliumia goti akiwa mtoto. Tunampa mkunjo mdogo upande huo."

Lilikuwa jibu zuri, na lilitoka bila kusita. Legat alimshukuru. Hata hivyo, wakati anaikunja leso, jambo moja lilimkaa kichwani. Kila mtu aliyeonyeshwa pini ile, macho yake yalikwenda kwanza pale ilipovunjika. Cveto, Darja mkandaji misuli, hata Rezka ambaye hajui skii za kuruka. Ludvik alitazama mkunjo, akatazama dirisha. Mahali palipomvunja mwanawe uti wa mgongo hakupatupia jicho.

Legat akatangaza kwamba anataka pini zote zilizomo katika nyumba ile, za kwenye skii na za akiba, za Anej na za Tilen. Cveto alizikusanya, akazipanga juu ya meza ya kulia chakula. Za akiba za Anej zilikuwa jozi, kushoto na kulia, zote zimekunjwa kama mundu. Goti dhaifu la utotoni halikuonekana hapo. Zilizokuwa kwenye skii za Tilen nazo zilikuwa jozi, zina mkunjo mdogo. Katika akiba ya Tilen ilikuwemo pini moja tu, ya kushoto.

Legat aliichukua na kuilinganisha na ile iliyovunjika. Zilikuwa pacha.

Cveto alikuwa amesimama nyuma yake. "Basi umempata," alisema taratibu.

Tilen Pristavec alikuwa chumbani kwake, amekaa sakafuni, mgongo ukutani, magoti yamekunjwa. Alikuwa mwembamba kama warukaji wote wanavyokuwa msimu ukikaribia kwisha, mashavu yamebonyea, na sinia ya jana ilikuwa bado juu ya kitanda haijaguswa. Legat alikaa kwenye kiti pekee na kumuuliza pini yake ya akiba ya kulia iko wapi. Tilen alisema imepotea. Akaulizwa ilipotea lini. Akasema hakumbuki. Legat akaweka pini mbili sakafuni mbele ya vidole vyake vya miguu, nzima na iliyovunjika.

Kijana alizitazama. Upepo ulikuwa ukisukuma theluji kwenye kioo, na kutoka chini ilisikika Rezka akigonganisha vyombo.

"Nilimpa mimi," alisema mwishowe.

Alieleza kwa sentensi fupi, kama mtu anayetapika. Walikuwa juu ya mnara, wao wawili tu. Anej alipoingiza kisigino akagundua pini yake ya kulia inacheza. Kushuka kuifuata nyingine kungekula muda, na ukungu ulikuwa unapanda. Wangekosa mruko wa mwisho. Tilen alikuwa na ya akiba mfukoni mwa suti. Anej akaifunga, akasema mkunjo huu kama wa bibi kizee, lakini atavumilia. Akampiga Tilen kofi la begani na kukaa kwenye ubao wa kuanzia. Kule chini, kwenye jukwaa la makocha, bendera ya ruhusa ikashuka. Anej akaenda.

"Kwa nini hukuniambia tangu Jumanne?"

Tilen alitazama mlango kabla ya kumtazama yeye. "Ungeniamini?"

"Nani aliikata?"

"Sijui."

"Ilikuwa mfukoni mwako, Tilen."

"Najua ilikuwa wapi."

Legat alijua jinsi mambo yalivyokaa mbele ya mwendesha mashtaka yeyote. Mtu wa pili kwenye msimamo, pini yake mwenyewe, mkono wake mwenyewe uliomkabidhi mwenzake juu ya mnara bila shahidi, kisha siku mbili za uongo. Kesi nyingine hupelekwa mahakamani zikiwa na ushahidi mdogo kuliko huo.

Habari haiwezi kufichwa katika nyumba iliyofunikwa na theluji. Walipokaa kula supu ya mchana, Cveto alikihamisha kiti chake mbali na cha Tilen. Darja alikuwa akikata mkate vipande vidogo asivyokula. Ludvik Torkar alisimama kwenye kichwa cha meza, mikono imeshika mgongo wa kiti, akasema kwa sauti ya chini kwamba hatakula na mtu aliyemuua mwanawe. Rezka akamkumbusha kwamba Anej hajafa. Kocha akasema basi na afungiwe, inspekta anangoja nini?

Mlango mmoja tu katika hoteli ulikuwa na kufuli ya maana, wa ghala la skii. Legat alimpeleka Tilen huko mwenyewe, akampa blanketi mbili na taa, akatia ufunguo katika mfuko wa ile sweta. Alimwambia ni kwa usalama wake. Tilen aliketi juu ya kreti, akauliza kama mlango unafungwa kwa ndani pia. Swali hilo Legat aliondoka nalo. Anayeogopa kutiwa hatiani hataki kufungiwa. Huyu alikuwa akiuliza kama kuna anayeweza kuingia.

Alikuwa hajafika kwenye ngazi Darja Mencin alipomfuata ukoridoni. Mwanamke huyo wa makamo alikuwa amekanda misuli ya warukaji tangu Ludvik mwenyewe alipokuwa akiruka. Alifunga mlango wa jikoni nyuma yake kwanza.

"Inspekta, kuna neno. Sijui kama ni neno la maana."

"Sema tu, dada."

Darja alisema kwamba siku ile alikuwa kwenye jukwaa la makocha, ubavuni mwa Ludvik. Anej alipotoka kwenye ukingo na ile skii kuinama, yeye Darja alipiga yowe na kuanza kukimbia. Kwa kuwa njia ni nyembamba alilazimika kumpita Ludvik. Ludvik hakukimbia. Alikuwa amesimama na bendera yake.

"Alisema, 'Siyo huyu.' Mara mbili. 'Siyo huyu, siyo huyu.' Nikadhani ni uchungu wa mzazi. Mzazi akiona mwanawe hivyo hukataa."

"Sasa hudhani hivyo?"

"Mtu anayekataa husema siyo kweli. Au hulitaja jina la mtoto. Hasemi siyo huyu." Darja alijikumbatia kana kwamba ukorido umeingiwa na baridi ghafla. "Tena hakuwa akimtazama Anej. Anej alikuwa chini, anabingirika. Yeye alikuwa ametazama juu, mnarani."

"Nani alikuwa mnarani?"

"Tilen peke yake."

Legat alimwambia arudi jikoni, asimwambie mtu mwingine. Kisha akafungua tena ghala la skii, akaingia na kufunga mlango nyuma yake. Alikaa sakafuni safari hii.

Hakumuuliza Tilen kama aliikata pini. Alimuuliza ni nani mwingine aliyewahi kuishika. Tilen alitikisa kichwa. Legat akamwambia kwamba pini ile haikukatwa kwa ajili ya Anej, maana hakuna ambaye angejua Anej ataivaa. Ilikatwa kwa ajili ya mwenye nayo. Kijana aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne Legat aliona kwamba jambo hilo si geni kwake. Alikwisha kulifikiria, akaliogopa, akalirudisha lilikotoka.

"Kocha aliichukua Jumapili," alisema Tilen. "Akasema anaenda kuikunja vizuri zaidi. Jumatatu akanirudishia. Akaniambia kesho utumie hii, achana na ile ya zamani."

"Ukasemaje?"

"Nikasema sawa, kocha. Utasemaje tena?" Alitabasamu bila furaha. "Lakini sikuifunga. Ile ya zamani imenibeba mwezi mzima, siwezi kubadilisha Planica ikiwa mlangoni. Nikaitia mfukoni ili nisimkasirishe. Nikamdanganya kwamba nimeifunga."

"Na baada ya Anej kuanguka?"

Kucha za Tilen zilikuwa zimetafunwa hadi nyama.

"Kocha alikuja chumbani kwangu jana, wewe ukizungumza na waokoaji kwa redio. Akafunga mlango. Akasema, 'Mimi na wewe tunajua pini ilikuwa ya nani. Ukifungua mdomo ni wewe uliyeikata. Nyamaza nami nitakulinda.' Kisha akanishika shingoni hivi, kama anavyotushika tukishinda."

Legat alimuuliza kwa nini ameamua kusema sasa.

"Kwa sababu umekaa chini," alisema Tilen.

Legat alimkuta Ludvik pale pale dirishani. Mchana ulikuwa mweupe kote, hata mnara wa kurukia usio mbali na hoteli ulikuwa umemezwa. Alivuta kiti akakaa mbele yake, karibu, magoti yakikaribiana, na kuweka leso juu ya meza ndogo bila kuifungua.

Alianza na goti. Alisema ameona pini za akiba za Anej, zote mbili zina mkunjo mmoja. Ludvik akasema labda amekosea, ana mambo mengi kichwani. Legat akakubali kwamba mtu aliye katika hali hiyo anaweza kukosea. Akamuuliza Jumapili aliichukua pini ya Tilen kwa kazi gani. Ludvik akasema hakuichukua. Legat akauliza mbona basi alimwagiza aitumie Jumanne. Ludvik akasema kijana anasema lolote kujiokoa, na yeye inspekta anashangaza kumsikiliza.

"Sawa," alisema Legat. "Basi nieleze moja tu. Mwanao anaanguka. Wewe unatazama juu, kwa Tilen, unasema siyo huyu. Kama si Anej, alitakiwa kuwa nani?"

Ludvik alitazama mikono yake iliyokuwa juu ya mapaja, akaigeuza viganja juu, kisha akaigeuza tena.

"Nilikata kidogo," alisema. "Kidogo sana. Nilitaka aumie kifundo. Akose Planica, basi. Kifundo hupona."

"Ulimwambia aitumie kwenye mnara mkubwa."

Ludvik akaanza kuzungumza juu ya Tilen, jinsi alivyomchukua akiwa hajui hata kukaa kwenye ubao wa kuanzia, jinsi alivyomfundisha kila kitu, na jinsi kuanzia mwezi wa pili kijana alivyoanza kukaa hewani kana kwamba hana mifupa. Alisema kila siku aliwatazama wote wawili kutoka jukwaani, na kila siku alijua zaidi kwamba Planica Tilen atampita Anej. Hakuna aliyejua ila yeye. Anej mwenyewe hakujua. Alikuwa akimpigia Tilen makofi. Msimu mzima wa kuongoza, kisha kupokonywa siku ya mwisho, mbele ya watu wa nyumbani. Yeye Ludvik aliwahi kupokonywa hivyo, na anajua mtu hubaki na nini.

Legat alimwacha amalize. Alikwisha kusikia wengine wakieleza, na daima palikuwa na neno kama lile "kidogo".

"Upepo ulikuwa mzuri," alisema Ludvik. "Hilo ndilo linalonirudia. Niliungoja ule upepo kwa ajili yake. Ukaja mzuri, nikashusha bendera. Mimi mwenyewe nilishusha bendera. Skii ilipoinama nikajua ni chuma kipi."

"Na jana ukamwendea Tilen."

"Anej akiamka atahitaji baba." Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayetaja kitu kilicho wazi. "Nani mwingine atamfundisha kutembea?"

Legat alisimama na kumwambia kwamba kuanzia sasa yuko chini ya ulinzi. Maneno hayo yalisikika ya ajabu katika ukumbi ule, kwa kuwa wote walikuwa chini ya ulinzi tangu Jumanne. Hakukuwa na njia ya kumshusha wala askari wa kumkabidhi. Ghala lilikuwa moja, ufunguo mmoja, na ndani alikuwemo mtu asiyestahili. Ludvik alilielewa hilo bila kuambiwa. Alitangulia mwenyewe kwenye ngazi, polepole, akishika ukuta.

Legat alifungua mlango, akamwambia Tilen atoke. Ukorido ulikuwa mwembamba. Kijana alitoka na blanketi zake mkononi, mzee akangoja ampishe, na kwa kitambo walisimama uso kwa uso, wamekaribiana kiasi cha kugusana. Ludvik hakuinua macho. Tilen alimtazama, kisha akaziweka blanketi juu ya kreti, ndani, mahali alipokuwa amekaa.

Hapo ndipo walipomsikia Rezka. Alikuwa akiita kutoka juu, kwenye kijichumba cha redio, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi na kicheko pamoja. Hakuwa amejua lolote la yaliyotokea ukumbini. "Kocha, njoo haraka. Ameamka. Wamemwunganisha kupitia kwa waokoaji. Anakuulizia wewe."

Ludvik alishikilia mwimo wa mlango. Legat alimwambia anaweza kwenda. Yeye Legat atakwenda naye na kusimama kando, na Ludvik ataongea na mwanawe kwanza. Haki hiyo hakuna aliyemnyima. Walipanda wote watatu. Darja na Cveto walikuwa wamekwisha fika, wamebanana mlangoni mwa kijichumba, wakawapisha.

Redio ilikuwa inakwaruza. Katikati ya mikwaruzo ilitoka sauti nyembamba ya mtu aliyelala chali, iliyopita simu ya hospitali na mikono ya waokoaji kabla ya kufika pale. "Baba? Baba, uko hapo?"

Rezka alinyoosha kipaza sauti. Ludvik Torkar alikitazama. Kisha alipeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akaishikanisha huko kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu, akarudi hatua moja hadi akagota ukutani.

"Baba?"

Rezka alimtazama Ludvik, akamtazama Legat, akaona nyuso zao, na furaha ikamtoka usoni. Kipaza sauti kilibaki hewani. Legat angeweza kukichukua. Alikuwa na maneno ya kazi kwa hali kama zile, na alijua hakuna hata moja lingefaa kusemwa kwa mtu asiyehisi miguu yake.

Tilen ndiye aliyekichukua. Alibonyeza kitufe.

"Anej, ni mimi."

Redio ilikwaruza. "Tilen. Pini yako, bwana. Mbovu kweli."

"Najua."

"Usijilaumu, unasikia? Niliiomba mimi."

Tilen alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa akimtazama yule mzee ukutani, na Ludvik alikuwa akimtikisia kichwa, polepole, akimwomba asiseme.

"Baba yuko wapi?" iliuliza redio.

"Yuko hapa. Hawezi kuongea sasa."

"Analia?"

Tilen aliendelea kumtazama Ludvik. Mzee hakuwa akilia.

"Barabara imefungwa, Anej. Tumekwama wote."

"Na ikifunguliwa? Atakuja?"

Kijana alimgeukia Legat. Inspekta alitikisa kichwa mara moja, kukataa. Tilen aliinamia redio, mdomo ukikaribia kugusa chuma, akazungumza kwa sauti ya chini kama vile wako wawili tu tena, juu ya mnara.

"Ikifunguliwa," alisema, "nitakuja mimi."